Mlima wa Igogo na siku za mbalamwezi

Nilihamia Igogo, mtaa wa mlimani hapa Mwanza, kwa sababu ya kodi, afya sikuifikiria. Chumba na sebule juu kabisa, kwenye mawe, kwa nusu ya bei niliyokuwa nikilipa kule chini karibu na barabara. Mwenye nyumba hakunificha kitu. "Fundi, huku bodaboda haifiki. Na bomba likikauka, maji unapandisha mwenyewe." Nikakubali. Nilikuwa na miaka 41, na 16 kati ya hiyo nilikuwa nimeikalia kwenye cherehani pale Makoroboi. Jambo ambalo sikumwambia ni kwamba wiki ile ile nesi alikuwa amenipima presha, akaangalia namba, akanyamaza, halafu akahamishia kipimo mkono wa pili.

Anayeijua Mwanza anayajua mawe yake. Wageni hupiga picha lile jiwe la Bismarck lililosimama majini, lakini mawe ya aina hiyo yamejaa mji mzima, na sisi tumejenga juu yake, chini yake na katikati yake. Kuna nyumba ambazo jiwe ndilo ukuta wa jiko. Njia ya kwenda kwangu haina ngazi. Ni mawe yaliyolainishwa na nyayo za watu, halafu kichochoro, halafu mtaro wa maji ya mvua unaouruka, halafu jiwe moja pana lenye mteremko, ambalo mvua ikinyesha hata watu wazima hukaa chini wakajiburuza.

Jumapili asubuhi niliyohamia nilipumzika mara tano kabla ya kufika. Mara ya tatu nilikuwa nimeshika ukuta wa nyumba ya watu, jasho linanitiririka, ndipo akapita bibi mmoja na ndoo ya maji kichwani, mikono yote miwili ikining'inia. "Mwangaluka, baba," akanisalimia kwa Kisukuma. Nilitaka kuitikia, pumzi ikakataa. Akasimama na ndoo yake vile vile, akanisubiri mpaka nikaweza kusema. Nilipoitikia ndipo akaendelea na safari. Huyo ndiye jirani yangu wa mlango wa tatu, na mpaka leo namwita mayu, mama.

Kilichonishangaza kesho yake ni kwamba kupanda hakukuniachia maumivu. Maumivu yalitokana na kushuka. Mapaja yaliniuma hata kukaa kwenye kiti ilikuwa kazi, na kukanyaga pedali ndiyo usiseme. Baadaye nikaja kuelewa. Unaposhuka, msuli wa paja unafanya kazi ya breki: unavutika huku umekaza. Hapo ndipo nyuzi zake ndogo zinapochanika kidogo kidogo, na maumivu yanakuja siku ya pili, wakati mwili unashughulika kuziba. Fundi nguo hahitaji somo hilo mara mbili. Suruali haichaniki ikiwa imelegea, inachanika pale inapovutwa huku imekaza. Ila suruali haijishoni. Msuli hujishona, na pale palipoachia unarudishiwa mshono imara zaidi. Wiki ya pili nilishuka mawe yale yale na mapaja yakanyamaza kimya.

Maji yalipokatika kwa mara ya kwanza nilijitwisha dumu la lita 20 nikiwa na haraka ya kumaliza. Mayu akanikuta njiani nimekaa juu ya dumu. Hakunicheka. Akasema, "Baba, anza na nusu. Shingo nayo ina utoto wake." Nikamwaga nusu palepale, kwenye shina la mpapai wa mtu. Ilinichukua karibu miezi miwili kufikisha dumu zima bila kutua. Nayaeleza haya kwa sababu kijana akisikia habari za kuukomaza mwili anafikiria siku moja kubwa, siku ya kuthubutu. Kwangu haikuwapo siku kama hiyo. Kulikuwa na nusu dumu, nusu dumu, nusu dumu, halafu robo tatu.

Mwezi wa sita na wa saba asubuhi za Mwanza zina baridi kuliko watu wa Dar es Salaam wanavyodhani. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa alfajiri pale mlimani unapita kwenye mawe ukiwa umeyakuta yamepoa usiku kucha. Maji ya kuoga nilikuwa nayaweka nje kwenye pipa. Nilikuwa nachemsha kila siku, mpaka mkaa ukapanda bei nikaamua kuoga ya baridi.

Kopo la kwanza mgongoni lilinikata pumzi. Nasema lilinikata kweli: kifua kilivuta hewa chenyewe, mara moja, kwa nguvu, kisha kikawa kinavuta na kutoa haraka haraka bila kunisikiliza, moyo nao unakimbia. Nilipomweleza nesi wangu alikunja uso. Akaniambia maji ya baridi ya ghafla yanabana mishipa na kupandisha presha, na mtu wa dawa za presha kama mimi hapaswi kujimwagia kama kijana wa jeshi. Nianze na miguu, mikono, kisha uso, kifua kiwe cha mwisho, na siku nikijisikia vibaya niache. Nikafuata. Kufikia kama mara ya sita ule mshtuko ulikuwa umepungua kabisa. Maji yalikuwa na baridi ile ile, lakini pumzi ilibaki mikononi mwangu.

Hilo la pumzi si jambo dogo kwa watu wa ziwani. Anayetumbukia majini bila kutarajia, sekunde za kwanza zinaweza kumuua, kwa sababu mwili unaweza kuvuta hewa kabla mdomo haujatoka majini. Anayejua kuogelea na asiyejua wote wanavuta. Ndiyo maana nasema boya livaliwe kabla ya kupanda mtumbwi. Kwenye maji hakuna muda wa kulitafuta chini ya nyavu.

Hapa naomba nikae kidogo. Mtoto wa dada yangu, ambaye tunakaa naye, ana selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyosema. Kanda ya Ziwa tunao watoto wengi wenye ugonjwa huu, na mzazi yeyote aliyekaa foleni za kliniki yake anajua ninachosema. Maji yale yanayoniamsha mimi, yeye yanamlaza. Baridi inabana mishipa midogo, zile chembe za damu zenye umbo la mundu zinakwama, na maumivu ya mifupa yanayomshika ni ya kumfanya mtoto wa miaka tisa alie bila sauti. Kiu inamletea. Kukimbia kupita kiasi kunamletea. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja tuna sheria mbili: mjomba anaoga maji ya pipa, mtoto anaoga ya moto, anavaa sweta hata kama wenzake wako kifua wazi, na chupa yake ya maji haikauki. Kuna kipindi jirani mmoja alimwambia dada yangu kwamba anamdekeza mtoto, amzoeshe baridi atakuwa ngangari. Nilikasirika, nakiri. Kuna mwili unaojengwa na shida fulani na kuna mwili unaobomolewa na shida hiyo hiyo, na ukiwatazama kwa nje huwezi kuwatofautisha.

Jua ni hivyo hivyo. Sisi tuko karibu sana na Ikweta, nyuzi mbili na nusu tu kusini yake, na jua la mchana linapiga utosini. Mimi ngozi yangu inalimudu. Mwenzangu mmoja wa pale kazini ana ualbino, na kwake jua hilo ni njia ya kwenda kwenye saratani ya ngozi. Namshonea mashati ya mikono mirefu yenye kola pana, kitambaa kizito, na sijawahi kumwambia azoee.

Habari yangu mwenyewe na jua ilianzia Igombe. Shemeji yangu, dada wa mke wangu, anafanya biashara ya dagaa huko. Mwaka wa pili tangu nihamie mlimani, mwezi wa nane, cherehani yangu iliharibika na kifaa chake kikachelewa wiki mbili. Nikaona kuliko kukaa bure niende nikamsaidie kuanika.

Kuanika dagaa ni kazi inayoonekana nyepesi kwa anayeitazama akiwa kivulini. Mitumbwi inarudi alfajiri, unapokea, unasuuza, unamwaga juu ya chanja, unatandaza kwa viganja ili dagaa wasilaliane, kwa sababu walipolaliana ndipo wanapooza. Jua likipanda unageuza. Unafukuza ndege. Unageuza tena. Chanja moja ikiisha ya kwanza inakuita. Hakuna kivuli, na mng'ao wa dagaa wenyewe unakurudishia jua usoni.

Siku za kwanza nilirudi nyumbani kichwa kinagonga, na shati langu la bluu lilikuwa na mistari myeupe mgongoni na kwapani, kama ramani. Chumvi. Ukiishika kwa vidole inakwaruza. Mimi kazi yangu ni nguo, kwa hiyo nililiangalia lile shati kila jioni kama mtu anayesoma gazeti. Siku ya nne mistari ilikuwa ile ile. Kuelekea siku ya nane ikaanza kufifia. Siku ya kumi na mbili shati lililowa kuliko siku zote, ila lilipokauka lilikuwa karibu safi. Kichwa kilikuwa hakigongi tena, na moyo haukuwa unakimbia nikiinama na kuinuka. Mwili ulikuwa umejifunza: jasho linaanza mapema, linatoka jingi, na chumvi inabakizwa ndani badala ya kumwagwa. Damu nayo inaongezewa maji yake, ndiyo maana moyo unapumua. Watu wanaofanya kazi kwenye joto wanahitaji kama siku kumi mpaka kumi na nne kulizoea, na wakiacha kwa wiki chache wanarudi walikotoka. Mimi nililithibitisha hilo kwa shati lile lile. Niliporudi Igombe baada ya miezi miwili ya dukani, mistari myeupe ilikuwa imerudi kunisubiri.

Hapo nikavimba kichwa. Mlima naupanda bila kupumzika, maji ya baridi naoga, jua nalimudu. Nikaanza kuona kila shida ni chakula.

Mafundi wenzangu wanaujua mwezi wa kwanza. Shule zinafunguliwa, kila mzazi anataka sare jana. Kaptula, sketi, mashati meupe, marinda yanayotakiwa yalingane. Usingizi wangu ulikuwa wa saa tatu tu kwa usiku, pengine nne. Na bado sikutaka kuacha "mazoezi" yangu, kwa hiyo nilikuwa napandisha madumu mawili alfajiri, natembea kwenda Makoroboi, sili mpaka jioni kwa sababu nilishaambiwa na watu kwamba kushinda na njaa kunajenga mwili, kisha napanda tena. Siku ya kumi ya hali hiyo ilikuwa Jumamosi. Nilirudi mchana kuchukua vitambaa nilivyosahau, jua la saa saba, na marobota mawili begani. Kwenye lile jiwe pana miguu ikakaza yote kwa mpigo. Nikaona kizunguzungu, nikatapika maji matupu, ngozi imelowa na imepoa kama ya samaki. Sikumbuki nilivyolala chini.

Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye kivuli cha jiwe, khanga mbichi imefunika kifua, na mayu amekaa ananipepea kwa ungo. Vijana wawili ndio walionibeba. Akanipa maji aliyochanganya mwenyewe kama walivyofundishwa kliniki kwa watoto wanaoharisha: lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko. "Kidogo kidogo," alisema, "usiyapige kwa pupa." Nikanywa. Alipoona macho yangu yametulia akaniuliza swali moja tu, "Baba, jana ulilala saa ngapi?" Nilipomwambia, akanyanyuka akaenda kunipikia uji.

Jioni hiyo nilienda kupimwa, presha ilikuwa imevurugika kabisa. Nesi alinipa siku tatu za kupumzika. Mwezi wa kwanza, fundi nguo, siku tatu! Nilirudisha kazi za watu na fedha zao, na iliniuma kwelikweli, maana kuna mtoto aliyeanza shule bila kaptula kwa sababu yangu.

Sare zilipoisha nikapanda meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kumwona mjomba. Mjomba amevua dagaa tangu ujana, na ana mikono ambayo ukiishika unadhani umeshika gome la mti. Nilimkuta ufukweni ameinamisha mtumbwi anatia kalafati, anaingiza pamba kwenye maungio ya mbao kwa patasi, taratibu, tena mchana kweupe. Nikamuuliza kwa nini hajalala kama wavuvi wanavyolala mchana.

"Mpwa wangu, hujaangalia juu? Mwezi umejaa."

Dagaa wanavuliwa gizani. Zamani kwa karabai, sasa wengi wana taa za sola. Taa inawavuta dagaa juu, wavu unazungushwa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, dagaa wametawanyika, na kwenda ziwani ni kuchoma mafuta bure. Kwa hiyo kila mwezi wana siku ambazo hawavui. Mimi nimezaliwa kisiwani, hilo nililijua tangu utoto. Nilichokuwa sijawahi kukiuliza ni siku hizo zinafanya nini. Mjomba akanihesabia huku anagonga patasi: mtumbwi unakaushwa na kuzibwa, nyavu zinashonwa, mgongo unalala, mtu anakula ameketi na familia yake. "Kijana anayekuja mgeni anaona hizi ni siku za hasara. Anaenda kutafuta kibarua kingine. Giza likirudi anaingia ziwani na mtumbwi unaovuja na macho yanayofumba. Hao ndio tunaowatafuta asubuhi."

Mteja wangu mmoja, mwalimu wa bayolojia, nilipomsimulia hayo wakati nampima suruali, aliniambia kwamba mwaka 1936 mtafiti Hans Selye kule Montreal, Kanada, aliandika juu ya panya waliowekwa kwenye baridi, kwenye kazi nzito na kwenye mateso mengine. Kwanza mwili wao ulishtuka. Kisha ukazoea, wakaonekana wazima kabisa. Lakini mateso yalipoendelea bila kukoma, kati ya mwezi mmoja na mitatu ule ustahimilivu ukawaishia, wakafa. Nilimwomba arudie sehemu ya katikati. Wakaonekana wazima kabisa. Ndipo nilipokuwa mimi mwezi wa kumi na mbili.

Kuna jambo jingine nililolirudia kisiwani. Jioni watoto walikuwa wanaoga kwenye magugu ya ufukweni, pale pale tulipoogea sisi. Tulikuwa tunaambiana kwamba mtoto wa ziwa mwili wake umezoea maji. Uongo ule umetugharimu. Kwenye magugu kuna konokono, kwenye konokono kuna vijidudu vya kichocho, na vinapita kwenye ngozi ndani ya dakika chache huku huhisi kitu. Rafiki yangu wa utotoni alibaki na tumbo kubwa mpaka utu uzima, ini limeharibika, na siku moja akatapika damu. Alikuwa mvuvi hodari, mwili kama chuma mikononi na miguuni. Mwili haukizoei kichocho. Kinachosaidia ni zile tembe zinazogawiwa shuleni na zahanati, ambazo watoto wanazikimbia kwa uchungu wake, na ambazo humezwa baada ya kula. Na maji ya ziwa ya kuogea yakikaa kwenye chombo siku mbili bila konokono, vile vijidudu hufa vyenyewe. Mjomba sasa ana mapipa mawili, moja la leo na moja la keshokutwa.

Siku hizi nina miaka 45. Kidonge changu cha presha nakimeza kila asubuhi, sijakiacha na sitamsikiliza anayesema maji baridi yanatosha. Namba zimeshuka, nesi amepunguza dozi mara moja. Mlima naupanda bila kusimama, isipokuwa nikikutana na mayu, maana sasa ndoo namtua mimi na tunapanda kwa mwendo wake. Kila mwezi nina siku zangu nne au tano ambazo sipandishi maji, naoga ya moto pamoja na mpwa wangu, na nalala saa mbili usiku kama kuku.

Mwezi wa kwanza mwaka huu kazi zilikuwa nyingi kuliko mwaka ule. Jumanne moja saa moja jioni nilikuwa nimebakiza sketi kumi na moja za shule moja, mama aliyeziagiza amesimama mlangoni anasubiri ahadi. Simu ikaita, mjomba. Alitaka kujua tu kama uzi wa nailoni wa kushonea nyavu bado unapatikana Makoroboi, maana giza limeisha na wametandaza nyavu zote uwanjani. Nikamwambia nitamtumia kesho kwa meli. Kisha nikamgeukia yule mama nikamwambia, "Mama, sketi zako njoo Alhamisi." Akalalamika, na alikuwa na haki. Nikazima taa ya duka, nikafunika cherehani, nikaanza kwenda nyumbani. Mawe ya Igogo yalikuwa meupe kwa mwezi, kila jiwe linaonekana, na mtaa mzima watoto walikuwa bado wanacheza nje.